Fundi Taratibu na Pikapu ya Kona ya Tano

Watu humpa mtu jina kwa kile anachokizidisha, na fundi huyu walimwita Taratibu. Gereji yake ilikuwa banda la bati lenye kuta mbili, upande wa tatu ni ukuta wa jirani, na upande wa nne ni barabara. Kwenye ukuta alikuwa amechora kwa rangi nyeupe umbo la kila spana, ili ikikosekana pabaki kivuli chake kinachouliza. Akifunga boneti ya gari, waya ndani zilikuwa zimelala kama nywele zilizosukwa, kila fungu limebanwa kwa kamba nyeusi ya plastiki, na ncha ya kamba imekatwa mpaka sawa, haimkwaruzi mtu kidole. Mafundi wenzake walimcheka. "Gari ikitoka kwa Taratibu," walisema, "unaweza kufungua boneti ukaonyesha wakwe."

Hawakujua, au waliojua walikuwa wamesahau, kwamba unadhifu ule ulizaliwa na hofu. Alijifunza kazi kwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, na akiwa na miaka kumi na tisa alimwona mjomba akiacha waya mmoja ukining'inia kwenye lori, kwa muda tu, mpaka baada ya chai. Chai haijanyweka, waya umeshagusa bomba la moshi. Lori liliwaka. Mjomba aliingiza mkono kuokoa alichoweza, na mkono ule ulipopona ulipona umejikunja kama jani kavu. Kwa mkono uliobaki alimpa mpwa wake pakiti ya kamba za plastiki, akamwambia, "Waya ukilegea, unaua." Tangu siku hiyo kijana alifunga. Akaoa akifunga, akazaa akifunga, mvi zikamwingia akifunga. Ilikuwa imetimia miaka thelathini na moja.

Basi Jumatatu moja, jua likiwa bado halijapanda juu ya bati, simu ikalia. Alikuwa binti yake, mkunga wa zahanati ya bondeni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mbona sauti iko chini?"

"Imezima tena."

Fundi alitafuta pa kukaa, akakalia tairi. "Wapi?"

"Kona ya tano."

Zahanati ile ilikuwa na gari moja, pikapu nyeupe ya petroli, nyuma imetandikwa godoro na kufunikwa turubai. Mama mjamzito akishindwa kujifungua bondeni, hupandishwa kwenye hospitali kubwa iliyo juu ya mlima, na njia ya huko ni moja, ina kona saba, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Dereva alistaafu na hakuletwa mwingine, kwa hiyo mkunga aliendesha mwenyewe, huku muuguzi mwenzake amekaa nyuma na mgonjwa. Kuendesha alifundishwa na baba yake kwenye uwanja wa shule, akiwa na miaka kumi na saba.

"Kuna mtu ndani?" fundi aliuliza, ingawa alijua.

"Kulikuwa na mama. Ilikohoa mara mbili ikazima, breki zikawa ngumu kama jiwe, tukaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, Baba. Tukasimama kwenye ukingo. Mama amejifungulia palepale, mwenzangu ameshika turubai, mimi nimeshika kitovu. Wazima. Halafu gari ikawaka tena, nikawarudisha zahanati."

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alisafisha sensa ya hewa, kidude kisichozidi kidole gumba kinachokaa kwenye bomba la kuingizia hewa. Hicho ndicho huieleza kompyuta ya gari hewa kiasi gani inaingia, ili nayo imwage petroli inayolingana. Kikisema uongo, injini inapaliwa au inakosa. Mashine ya kusomea gari ilikuwa imekitaja chenyewe, na fundi alikisafisha, akafuta kosa, akampa binti ufunguo. "Nenda, mwanangu. Imepona." Mara ya pili akakitoa kabisa akaweka kipya. "Nenda, mwanangu. Imepona." Maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya mtu anayejua.

"Baba, bado upo?"

"Nipo."

"Alhamisi ninaye mama wa mapacha. Mmoja amekaa vibaya tumboni. Huyo hawezi kuzalia njiani. Akizalia njiani nitawapoteza, labda wote watatu. Nimeomba gari lingine huko juu, wamesema nitajibiwa."

"Nani aliyesema?"

"Waliosema hivyo mwaka jana."

"Ilete," fundi akasema. "Pita tambarare, usiharakishe. Ilete sasa hivi."

*

Ilipofika, ilinguruma vizuri kabisa, laini, kama mtoto aliyevunja kikombe na sasa anafagia chumba bila kuambiwa. Fundi aliisikiliza. Akachomeka mashine ya kusomea chini ya usukani, akatazama namba za hewa: nne injini ikipumzika, ishirini akikanyaga mafuta, zikipanda na kushuka kwa adabu. Akatikisa plagi ya sensa. Hakuna kitu. Akapaka maji ya sabuni kwenye bomba la hewa lote kutafuta povu. Hakuna. Akapima betri, akapima pampu ya petroli, akafungua akafunga. Jumanne nzima iliishia hapo. Alipomaliza alizunguka nayo mpaka stendi na kurudi, njia iliyonyooka kama rula, na pikapu ikaenda kama inayokwenda harusini.

Mashine ilikuwa imehifadhi kosa lilelile: sensa ya hewa, inakatika.

"Inakatika wapi sasa?" fundi aliiuliza kwa sauti.

"Umeanza kuongea na magari?" Huyo alikuwa Mama Cheche, mchomeleaji wa banda la pili, mwanamke mnene mwenye miwani myeusi kichwani na matundu madogo ya moto kwenye kila nguo aliyonayo. Waliishi ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na miwili wakitaniana. "Au imekujibu?"

"Inasema ni mzima."

"Na wewe umeamini." Akaegemea mlango. "Kaka, mwenye homa ya usiku ukimshika paji la uso mchana utasema hana kitu. Gari linaumwa mlimani. Wewe unalipima hapa tambarare, kwenye kivuli, unalibembeleza. Kwa nini hujalipeleka kona ya tano?"

Fundi aliinama kuokota spana ambayo haikuanguka.

Jibu alilijua. Alilijua tangu mara ya kwanza. Hakupanda mlima ule kwa sababu aliogopa. Aliogopa kona, aliogopa breki zinazogeuka jiwe, aliogopa kurudi nyuma asione anakokwenda. Kila mara alijiambia kwamba fundi hodari hapati ugonjwa kwa kufa nao, halafu akampa binti yake ufunguo ili yeye ndiye apande. Jambo hilo hakuwa amelitazama usoni mpaka Mama Cheche alipouliza, na sasa lilimtazama yeye.

Jioni hiyo mkewe alimwekea chai, ikapoa. Akamwekea nyingine.

"Unachungulia kikombe kama injini," mke akasema. "Kuna nini humo?"

"Sijaupata ugonjwa."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa anapanda."

Mke alikaa kitako. Walikuwa na watoto wanne. Watatu walikuwa mbali, sauti kwenye simu, picha ukutani. "Mume wangu," akasema polepole, "mimi injini siijui. Lakini najua neno moja unalolisema hata kama huna uhakika, kwa sababu unaona aibu kunyamaza. Unasema imepona. Safari hii, kama hujui, usimwambie mwanangu aende."

Akanyanyua vikombe vyote viwili, vikiwa bado vimejaa.

*

Jumatano asubuhi walipakia mifuko sita ya mchanga nyuma ya pikapu, uzito wa mama, muuguzi na mizigo yao. Mama Cheche aliikalia kama malkia, mkononi ameshika kabari ya mti mgumu aliyoikata mwenyewe kwa ajili ya gurudumu.

"Nikifa," alisema, "mitungi yangu ya gesi asirithi shemeji yangu. Hajui kufunga koki."

"Hufi," fundi akamwambia.

"Hilo umelisema na kwa pikapu."

Binti alikamata usukani. Fundi alitaka kuendesha yeye, na binti akakataa: "Mimi ndiye ninayejua inavyoanza, Baba. Kuna kitu nakisikia mguuni kabla haijakohoa." Basi fundi akakaa kushoto kwake na mashine ya kusomea mapajani, kazi yake kusoma namba za hewa kwa sauti. Viganja vyake vilikuwa vimelowa. Aliifuta mashine kwa shati, ikalowa tena.

Kona ya kwanza. "Thelathini na nne," alisoma. "Thelathini na sita."

Kona ya pili. "Thelathini na tisa."

Njia ilikuwa nyembamba, kushoto ukuta wa udongo mwekundu wenye mizizi inayochungulia, kulia hakuna kitu. Kulikuwa na majani marefu, halafu hewa, halafu mbali huko chini mabati ya mji yakimeta. Fundi hakutazama kulia. Alitazama namba, akasoma namba, na kati ya namba na namba alisahau kuvuta pumzi.

"Baba," binti akasema, macho barabarani, "pumua."

"Napumua."

"Hupumui. Vuta kwa pua. Taratibu. Toa kwa mdomo." Ilikuwa sauti yake ya kazini, ile anayowapa akina mama. Fundi akavuta, akatoa. Kona ya tatu ikapita. Ya nne ikapita. "Vizuri," binti akasema, "unaendelea vizuri sana," na kama si woga wangecheka wote wawili.

Kona ya tano ilipinda kulia huku ikipanda, kama mtu anayegeuka ghafla kuona nani anamfuata. Binti akapunguza gia. Injini ikanguruma kwa kina.

"Arobaini na nne," fundi akasoma. "Arobaini na sita. Arobaini na saba—"

"Naisikia," binti akasema.

"Sifuri."

Injini ilikohoa mara moja, mara mbili, ikazima. Kimya kilichofuata kilikuwa na mlio mmoja tu ndani yake, mlio wa changarawe zikisagika chini ya magurudumu, na ilimchukua fundi nukta moja kuelewa kwamba zinasagika kuelekea nyuma. Binti alikuwa amesimama kabisa juu ya breki, mgongo umebonyea kwenye kiti, mkono umevuta breki ya mkono mpaka mwisho. Majani ya ukingoni yakasogea dirishani upande wa kulia. Kisha kishindo: Mama Cheche ameruka. Kisha kishindo cha pili, cha mti kwenye mpira. Pikapu ikatulia.

"Imekaa!" Mama Cheche alipiga kelele. "Imekaa, lakini kuna lori linakuja!"

Lilikuwa limebeba matofali, likipanda kwa gia ndogo, na lori la namna hiyo likisimama pale haliondoki tena. Mama Cheche alivua kilemba chake chekundu akakipunga katikati ya barabara, akitukana na kuomba kwa pumzi moja. Lori likajikunja likapita kwa upande wa udongo, karibu kiasi kwamba fundi, aliyekuwa amefumba macho, alisikia joto lake shavuni. Dereva wa lori alisema neno kuhusu mama zao wote. Mama Cheche akamjibu kwa neno kuhusu baba yake. Halafu barabara ikawa tupu.

Binti aliegemeza paji la uso kwenye usukani. "Sasa umeona," akasema.

"Nimeona."

"Turudi?"

Fundi alitamani kusema ndiyo. Miguu yake yote miwili ilitamani. Lakini alijua wakirudi, chini pale injini itamtabasamia tena, na kesho ni Alhamisi.

"Washa," alisema.

Ikawaka mara moja, laini. Mashine ikaonyesha nne. Fundi alishuka, akashika bodi ya gari mpaka mbele, akafungua boneti.

"Sikiliza, mama. Inakatika injini ikivuta. Nataka ivute, mimi nikitazama. Tia gia ya kwanza. Breki ya mkono usiiguse, iache juu. Kanyaga mafuta, halafu inyanyue klachi kidogo, kama unataka kuondoka lakini huondoki."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni wapi?"

"Hapa, penye taa."

"Baba, mguu ukiteleza gari litakurukia."

"Mguu wako ninaujua," fundi akasema. "Niliufundisha mimi."

Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayejua. Ilikuwa ya mtu anayeomba, na binti aliisikia tofauti hiyo, kwa maana ilikuwa mara ya kwanza.

Akatia gia. Injini ikapanda sauti, pikapu ikainua pua, na fundi, kichwa kimeinama juu ya moto na mkanda unaozunguka, akaona kitu ambacho kwenye sakafu ya gereji hakionekani. Injini nzima ilinyanyuka kwenye viti vyake vya mpira, ikaegemea upande mmoja, kama mtu anayejitayarisha kubeba gunia. Upana wa vidole viwili. Boksi la hewa halikunyanyuka, kwa sababu limefungwa kwenye bodi. Na kati ya boksi lililotulia na injini iliyonyanyuka palikuwa na waya mmoja, wa sensa, ukakaza mpaka ukawa mnyoofu kama uzi wa kupimia ukuta.

Ulikuwa umebanwa kwenye bomba la injini kwa kamba nyeusi ya plastiki. Ncha ya kamba ilikuwa imekatwa mpaka sawa. Haimkwaruzi mtu kidole.

Fundi alinyoosha kidole akaugusa waya. Injini ikakohoa.

"Sifuri!" alipaza sauti Mama Cheche, aliyekuwa ameingiza kichwa dirishani kusoma mashine. Fundi akaondoa kidole. "Arobaini! Kaka, umeshika nini?"

Fundi aliutazama waya. Alikuwa anakumbuka. Miezi minne nyuma, pikapu hii ililetwa boksi la hewa likiwa limepasuka, akaweka jipya, na waya wa sensa ukabaki unaning'inia kidogo, umbo la tabasamu, karibu na betri. Waya ukilegea, unaua. Akauvuta, akaubana kwenye kitu cha karibu kilichokuwa imara, na kitu hicho kilikuwa injini. Kila injini iliponyanyuka mlimani, waya ulivutwa. Kila ulipovutwa, nyuzi za shaba ndani zilikatika moja baada ya nyingine, na ganda la nje likabaki zima, jeusi, safi. Alikuwa ameangalia hapo. Mara tatu alifungua boneti hii, na mara zote tatu jicho lake liliipita kamba ile kama mtu anavyopita mlango wa nyumba yake: pale pako sawa, pale nimefunga mimi.

Akatoa koleo mfukoni. Alikosa mara ya kwanza, akaikata kamba mara ya pili. Waya ukaanguka, ukalegea. Injini ikavuta, na namba zikakaa juu.

"Zima, mama," alisema. "Nimeupata."

Binti akashuka. Alitazama uso wa baba yake, kisha kiganja chake, na kamba iliyokatwa ndani yake.

"Hii?"

"Hiyo."

"Nani aliifunga?"

Mama Cheche, ambaye hakuwahi kukosa la kusema kwa miaka kumi na miwili, akageuka kutazama mji.

"Mimi," fundi akasema.

Binti aliichukua kamba, akaitazama ncha yake iliyokatwa vizuri, akaitia mfukoni. Akarudisha gari nyuma kidogo mpaka penye upana, akaligeuza, wakateremka. Walifika kona ya pili.

"Yule mtoto wa Jumatatu," alisema hatimaye, "nilimkata kitovu huku nimeuzuia mlango wa nyuma kwa mgongo ili asidondoke mama yake."

"Najua."

"Hukujua, Baba. Sasa ndiyo umejua."

*

Alipouchuna ule waya mezani, alikuta nyuzi mbili tu zimebaki zikigusana kwa ncha, nyingine zimekuwa za kijani. Aliukata, akaunga kipande kipya kwa risasi iliyoyeyushwa, kirefu kuliko cha kwanza kwa shubiri nzima. Akakipitisha kando ya bodi, mbali na betri, mbali na joto, kisha akaacha kitanzi kilicholegea kabla ya sensa. Mkono ulienda wenyewe kwenye pakiti ya kamba. Aliutazama ukienda. Akafunga mahali pamoja, kwenye bodi, akiwa ameweka kidole chake kidogo chini ya kamba ili asiweze kukaza. Akachomoa kidole, pakabaki nafasi ya kidole.

Alasiri hiyo walipanda mlima mara tatu na mifuko yote sita. Safari hii aliendesha yeye, na aliogopa mara zote tatu. Mara ya tatu alisimama kona ya tano kwa makusudi, akaondoka tena kwenye mwinuko, binti akisoma namba. Hazikushuka hata mara moja.

Waliporudi, binti alisimama mlangoni mwa gereji, ufunguo mkononi. Alikuwa anasubiri lile neno.

"Nimekuta waya umekatika, nimeuunga," fundi akasema. "Nimeupandisha mara tatu na haukukatika. Hilo ndilo ninalolijua. Zaidi ya hapo sijui."

Binti aliufumbata ufunguo. "Linatosha," akasema.

Alhamisi saa nne asubuhi pikapu ilipita mbele ya gereji ikielekea mlimani, turubai limefungwa, taa zinawaka. Kutoka barabarani pale, mlima ulionekana wote, na njia yake ikionekana vipande vipande katikati ya miti. Fundi alisimama katikati ya barabara na mikono iliyojaa grisi. Mama Cheche alizima mtambo wake akaja kusimama naye.

Nukta nyeupe ilitokea kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilichelewa, ikatokea. Ya nne.

Kisha hakuna.

"Kuna miti pale," Mama Cheche akasema.

"Jana niliihesabu miti. Inatakiwa itokee sasa."

"Subiri."

Alisubiri. Mtu wa baiskeli akapiga kengele akawapita. Fundi alijikuta anavuta kwa pua, anatoa kwa mdomo, kama alivyoelekezwa. Aliuona waya ule akilini, kila uzi wake. Je, risasi ilishika? Je, kitanzi kimefikia feni? Mbona aliacha nafasi, mbona hakufunga?

Juu ya kona ya tano likatokea lori, refu, limejaa, likitambaa kama konokono. Nyuma yake, karibu sana, subira imeiishia, nukta nyeupe.

"Lori!" Mama Cheche akampiga mgongo nusura amwangushe. "Lilikuwa mbele yake, lori!"

Fundi alikaa palepale barabarani, kwenye vumbi, na hakuinuka mpaka gari lilipompigia honi.

Simu ililia saa nane. "Wa kwanza wa kike, wa pili wa kiume, kaja na miguu mbele," binti akasema. "Mama ametoka damu nyingi, lakini yuko macho, anauliza chakula." Nyuma yake kulikuwa na kilio cha mtoto, au cha wawili. "Namba zako zilikaa, Baba. Ile kamba bado ninayo mfukoni. Sijajua nitaifanyia nini."

"Kaa nayo," fundi akasema.

Alipokata simu, alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akatoa daftari kubwa alimoandika kila gari lililopita mikononi mwake na alichokifanya. Akalifungua si mwanzoni bali mwishoni, mwaka huu, akaanza kurudi nyuma. Boksi la hewa, limebadilishwa, waya umefungwa. Waya umefungwa. Waya umefungwa. Akavaa miwani, akapiga namba ya kwanza.

"Fundi!" mwenye gari alipokea kwa furaha. "Kulikoni? Gari langu halina tatizo lolote."

"Lilete."

"Nakwambia ni zima."

"Nimekusikia. Lilete kesho, na usilipandishe mlima kabla sijaliona."

Mama Cheche, ukutani, alilitazama daftari na unene wake. Akavuta kigoda akakaa kando yake.

Namba ya pili ilipokelewa na mke wa mwenyewe, akaahidi kumwambia. Namba ya tatu ilikuwa ya mtu wa gari la kubebea wanafunzi wa shule iliyo juu, kule mlimani. Iliita. Fundi aliibana simu sikioni, jicho liko kwenye njia ya mlima, ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Alifuta kiganja kwenye shati, akapiga tena.